Kikombe Nilichomjazia Ngendo

Nilimkuta binti yangu kwenye shamba la kahawa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa na sare ya shule. Alikuwa amekaa juu ya majani makavu ya ndizi, mkoba kifuani, viatu amevivua. Chini yake kidogo kuna kijito. Soksi zake nyeupe zilikuwa zimeanikwa kwenye tawi la kahawa.

Nitasema jambo moja mapema ili usije ukanihurumia huko mbele. Mahali pale nilipajua. Ni mstari wa nne kutoka kijitoni, ambapo mteremko ni mkali na miti imeachwa ikawa mirefu kwa sababu hakuna anayependa kupogoa akiwa ameinama hivyo. Mwaka wa 1989, nikiwa darasa la sita, nilikuwa najificha hapohapo, na kwa sababu ileile. Nilipoona zile soksi, na sketi imelowa upande wa nyuma, nilijua kila kitu. Halafu mdomo wangu ukasema jambo lingine.

"Yuko wapi?"

"Nani, Baba?"

"Huyo kijana mnajificha na yeye."

Ngendo aligeuka akatazama nyuma yake, kama mtu anayetaka kuhakikisha. "Niko peke yangu," akasema.

"Msichana wa kidato cha tatu hakai kwa kahawa peke yake siku ya shule. Ama tayari uko na mimba?"

Alizichukua soksi mbichi, akazivaa, akavaa viatu, akapanda mteremko mbele yangu mpaka nyumbani. Njia nzima nilisikia maji yakilia ndani ya viatu vyake.

Naitwa Gathogo. Ninafuga ng'ombe watatu upande wa Mukurweini, na kila asubuhi nachukua maziwa ya majirani kwa pikipiki, nayapeleka kituoni kando ya barabara ambapo lori hupita kuyabeba. Nilisoma mpaka darasa la saba na sikukaa mtihani. Mke wangu Keziah na watoto wote nimewaambia miaka yote kwamba niliacha shule kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu. Ni kweli hakukuwa na kitu, lakini ndugu zangu wanne walimaliza.

Tumbo la Ngendo lilianza kumsumbua akiwa kidato cha kwanza. Lilikuwa linaunguruma hadi unalisikia ukiwa upande wa pili wa meza. Linajaa hewa, linakata, halafu linaendesha. Siku mbili tatu linatulia, halafu linarudi. Keziah alimpa dawa ya minyoo mara mbili. Akamchemshia majani ya mpera. Mimi nikaja na dawa yangu, ambayo kila mtu huku kwetu angeitoa: maziwa. Kila asubuhi nikimaliza kukamua namjazia kikombe cha bati, kile kikubwa cha nusu lita, maziwa bado yana joto la ng'ombe na povu juu, namsimamia mpaka amalize.

"Tumbo tupu ndiyo inasumbua," nilikuwa namwambia. "Kunywa yote."

Kadiri alivyozidi kulalamika, ndivyo nilivyozidi kujaza. Alipopungua uzito nikaanza kumpa na cha jioni. Keziah aliwahi kusema, mara moja tu, kwamba pengine ni maziwa.

"Maziwa gani?" nikamuuliza. "Maziwa yangu?"

Hakurudia tena. Mtu akiishi kwa maziwa, akalisha watoto kwa maziwa, akajenga nyumba kwa maziwa, hatapenda kuambiwa maneno hayo jikoni kwake.

Na mimi mwenyewe sinywi. Hilo ndilo linanichoma mpaka leo. Tangu darasa la sita sijaweka maziwa mdomoni. Nyumbani nakunywa strungi, na Keziah alishazoea kuchota chai yangu kabla hajatia maziwa. Watu wakiniuliza nasema strungi inaamsha. Kituoni kuna chupa ya chai ambayo wanaume hupitishiana wakingoja lori, na kila asubuhi nasema nimeshakunywa nyumbani. Ila kichwani nilikuwa nimejipangia maelezo. Maziwa yaliyonidhuru yalikuwa yale ya shule, ya pakiti za pembe tatu, na nilijiambia yalikuwa yametiwa kitu. Haya yangu yanatoka kwa ng'ombe ninayemjua kwa jina. Sikuwahi kuyaonja kuhakikisha, kwa sababu niliogopa.

Jioni ya siku ile ya kahawa, Mwalimu Mwende alimpigia Keziah simu. Yeye ni naibu wa mwalimu mkuu pale shuleni, Mkamba kutoka Machakos, mwanamke asiyepoteza maneno. Alisema Ngendo amekosa shule siku tisa muhula huu, na kwamba kwenye mtihani wa kemia alitoka nje mara tatu. Baadaye karatasi yenye majibu ilikuwa imepatikana chooni. Mzazi aje Alhamisi. Kama hakuna maelezo, kamati itaamua, na kamati ikishaamua, msichana hasajiliwi kufanya mtihani wa mwisho katika shule ile.

Keziah alikuwa na mkutano wa kikundi cha akina mama, na hata bila mkutano angesema niende mimi. "Ni wewe ulimuuliza hayo maneno ya mimba," akaniambia. "Basi enda ukasikie ana nini."

Tukaenda. Nilipoegesha pikipiki, wasichana walikuwa wanatoka mapumziko ya saa nne. Watatu walisimama karibu na bomba la maji.

"Kibao amerudi," mmoja akasema, bila kupunguza sauti.

"Wee Kibao, umekuja na babako akushikilie zamu?"

"Ati ashikilie mlango."

Wakacheka. Ngendo aliangalia chini, akapita. Niliuliza kibao ni nini. Sikulazimika kungoja sana kujua, kwa sababu kilikuwa juu ya meza ya Mwalimu Mwende. Ni kipande cha mbao, urefu wake kama mkono mpaka kwenye kiwiko, kimeandikwa CHOO kwa rangi nyekundu pande zote mbili. Kila darasa lina kimoja, kinaning'inia kwenye msumari karibu na ubao. Anayetaka kutoka anakichukua mbele ya darasa zima, anavuka uwanja nacho mkononi, anakirudisha mahali pake. Mmoja akiwa nacho, wengine wanangoja. Na binti yangu alikuwa amekishika sana hata wakampa jina lake.

Mwalimu Mwende alituketisha. Akaagiza chai, ikaja ndani ya vikombe vya udongo, nyeupe kabisa, ngozi ya maziwa imeanza kushika juu.

"Mzee, mimi sitaki kumfukuza mtoto," akasema. "Lakini nipe kitu niandike. Huyu anaomba kutoka mara tano, mara sita kwa siku. Siku ya mtihani kibao kilikuwa mikononi mwa mwenzake, akatoka bila ruhusa. Nikimuuliza ana shida gani, ananiambia hakuna. Wewe unajua ana nini?"

"Ni tumbo tu," nikasema.

"Tumbo gani la miaka mitatu?"

"Atapona."

"Kwenu kuna mtu mwingine ako na shida kama hiyo? Wewe? Mamake?"

Swali lilikuwa jepesi. Alikuwa ameshika kalamu. Ningesema ndiyo, angeandika, na mambo yangekuwa na sura nyingine. Nilimwona Ngendo pembeni mwa jicho. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kikombe changu.

"Hapana," nikasema. "Kwetu matumbo ni ya chuma."

"Mbona hunywi chai, mzee?"

"Nilikunywa nyumbani."

Mwalimu Mwende aliweka kalamu chini. Akasema basi anataka karatasi ya daktari, na kabla ya karatasi hiyo Ngendo asirudi darasani. Akatupa muda mpaka Jumatatu ya wiki ya tatu. Tulipotoka, vikombe viwili vilikuwa vitupu na changu kimejaa.

Siku iliyofuata nilimpeleka Nyeri, kwa kliniki moja iliyoko mtaa wa Skuta. Alituhudumia kijana mmoja, Daktari Mwangangi, mpole, anauliza maswali ya choo kama mtu anayeuliza njia ya kwenda sokoni. Mara ngapi. Ni maji au ni laini. Kuna damu. Inakuamsha ukiwa umelala. Mimi ni mwanamume wa Kikuyu na yule ni binti yangu wa miaka kumi na saba. Mambo kama hayo ni ya mamake, ama shangazi yake. Nilikaza macho kwenye bango la chanjo ukutani nikalisoma tangu juu hadi chini, nikarudia. Lakini nilisikia. Nikasikia kwamba alikuwa ameacha kabisa kula githeri ya shule, yale mahindi na maharagwe, anashinda na njaa ili tumbo lisipate cha kusukuma. Nikasikia kwamba kila siku anabeba sketi ya pili chini ya vitabu, ndani ya mfuko wa unga. Sikuwahi kujua kwamba anabeba sketi.

"Asubuhi unakula nini kabla ya shule?" Mwangangi akamuuliza.

"Maziwa."

"Kiasi gani?"

Ngendo alionyesha kwa mikono ukubwa wa kikombe. Mwangangi akaniangalia.

"Anayempa ni nani?"

"Ni mimi."

"Na jioni?"

"Ni mimi pia."

Aliandika kwa muda. Halafu akasema wako watu wengi ambao matumbo yao hayapatani na maziwa, na si ugonjwa wa kutisha. Aache maziwa wiki mbili, yote kabisa, na chai ya maziwa pia, tuone. Kama hakutakuwa na mabadiliko turudi, kuna mengine ya kupima. "Mara nyingi ni kitu cha familia," akaongeza. "Nyumbani kuna mtu hapatani na maziwa?"

Hili lilikuwa swali la Mwalimu Mwende limevaa koti jeupe. Nilikuwa na nafasi ya pili, siku moja tu baada ya kuharibu ya kwanza.

"Hakuna," nikasema. "Mimi mwenyewe nakunywa. Mimi ni mtu wa maziwa."

Mwangangi alimgeukia Ngendo. Sidhani alikuwa anatafuta uongo, nadhani ni mazoea tu. "Ni kweli?"

Ngendo alinitazama usoni. Huyu ni mtoto ambaye tangu ajue kutembea ameniletea strungi yangu shambani. Nikangoja.

"Ndio," akasema. "Baba anakunywa."

Nimetukanwa na watu wengi na sikumbuki nusu yao. Lakini yale maneno matatu, binti yangu akinifunika mbele ya mgeni bila kuombwa, huku mimi nimemwacha wazi, nikiyakumbuka hadi leo natafuta kitu cha kushika.

Siku ya tatu bila maziwa tumbo liliacha kuunguruma. Siku ya tano alikula githeri sahani nzima, akakaa, akangoja, hakuna kitu kilichotokea. Keziah alimtazama akila, kisha akanitazama mimi. Alichukua kile kikombe cha bati akakiweka kwenye banda la kuku, kuku wanywee maji.

Nikadhani yamekwisha. Karatasi ya daktari tulikuwa nayo, imepigwa muhuri. Lakini Ijumaa kabla ya ile Jumatatu ya kurudi, Ngendo alisema haendi.

"Umepona," Keziah akamwambia.

"Najua."

"Karatasi iko."

"Najua, Mama. Siendi. Nitafutieni kazi ya kuchuma majani chai, ama nitaenda kwa shangazi kule Giakanja nimsaidie kwa duka."

Keziah alimsihi Ijumaa, akamsihi Jumamosi. Jumapili baada ya kanisa aliniita nje. "Mimi nimemaliza maneno," akasema. "Sasa ongea wewe. Na usiongee juu ya mimba."

Saa kumi na moja jioni nilikuwa nakamua. Ngendo alileta ndoo na maji ya kuoshea chuchu. Kwa kawaida anaiweka na kuondoka. Siku ile alisimama kando ya mlango wa boma. Mimi nilikuwa nimeegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, na nashukuru kwa hilo, kwa sababu mtu akiwa amekaa hivyo haonekani uso.

"Kwa nini hutaki shule?" nikamuuliza.

"Wewe uliacha kwa nini?"

"Nilishawaambia."

"Kukosa pesa."

"Ee."

Maziwa yaligonga ndoo kwa muda. Akasema, "Mwalimu Mwende aliuliza kama kuna mtu mwingine. Ukasema hakuna. Daktari akauliza, ukasema hakuna. Hiyo karatasi inasema ni mimi tu kwa hii nyumba. Sasa nikirudi nitaambia wasichana nini?"

Niliendelea kukamua. Ng'ombe yule ni mpole, lakini alianza kusogeza mguu kwa sababu nilikuwa navuta vibaya.

"Darasa la sita," nikasema, "tulikuwa tunapewa maziwa ya bure. Pakiti za pembe tatu. Tunapanga mstari, mwalimu anatusimamia, unang'ata kona unakunywa palepale. Kila mtu alikuwa anapenda. Mimi yalikuwa yananikata. Nikajaribu kumwaga, nikachapwa, ati namwaga mali ya serikali. Siku moja tukaingia kwa hesabu. Niliinua mkono kuomba kutoka. Mwalimu akasema ningoje. Nikainua tena."

Nilihamia chuchu nyingine.

"Nilikuwa na kaptura ya kaki," nikasema. "Kinuthia, huyu wa kupima maziwa kituoni, alikuwa nyuma yangu. Yeye ndiye alisema kwa sauti. Toka siku hiyo wakaniita Pakiti."

"Pakiti?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilibadilika. "Si Mama alituambia wanakuita hivyo kwa sababu ulikuwa mfupi?"

"Nilimwambia hivyo."

"Halafu?"

"Nikawa siendi siku za maziwa. Halafu nikawa siendi siku zingine. Darasa la saba nikaacha."

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Kwa kahawa."

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa najua litakuja tangu nilipofungua mdomo, na ambalo kwa ajili yake nilikaa miaka yote bila kuufungua.

"Mstari gani?"

"Wa nne. Karibu na maji."

"Kwa hivyo uliponikuta ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniuliza kama niko na mimba."

"Nilikuuliza."

Nilitaka kusema mengine baada ya hapo. Nilitaka kusema kwamba nilishtuka, kwamba baba hafundishwi kuzungumza mambo hayo na msichana. Yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa takataka. Nikaendelea kuvuta chuchu ambazo hazikuwa na kitu tena, mpaka ng'ombe akapiga ndoo teke. Lita nane zikamwagika kwenye samadi. Hatukuinama kuokota ndoo, si mimi si yeye.

"Nitaenda kesho," Ngendo akasema. "Lakini wewe uingie kwanza. Useme."

Jumatatu nilivaa koti la kanisa. Mwalimu Mwende aliisoma karatasi ya daktari, akaikunja, akaiweka kwenye faili. Chai ililetwa tena. Nilikisukuma kikombe upande wake.

"Mwalimu, mimi sinywi maziwa," nikasema. "Yananiendesha tangu nikiwa mtoto. Uliniuliza kama kuna mtu mwingine, nikakuongopea. Huyu ametoa hiyo shida kwangu. Na mimi ndiye nilikuwa namjazia kikombe kila asubuhi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa huruma, au kwa hotuba. Mwalimu Mwende alichukua kalamu.

"Hayo ndiyo ningeandika Alhamisi ile, mzee," akasema. "Huyu mtoto amekaa nyumbani zaidi ya wiki mbili kwa sababu yako."

"Ndiyo."

"Kemia ataifanya upya peke yake hapa ofisini. Hiyo karatasi ya chooni tumelinganisha mwandiko, si wake. Darasani atakaa karibu na mlango." Akamgeukia Ngendo. "Na nitakuandikia kadi yako, uwe unatoka bila kungoja kibao."

"Asante, Mwalimu, lakini sitaki kadi," Ngendo akasema. "Wataniita Kadi."

Mwalimu Mwende karibu acheke. "Basi toka tu ukihitaji. Nitawaambia walimu."

Ngendo alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nilidhani labda atasema asante, na nikaona haya kwa kudhani hivyo.

"Ungesema kwa daktari," akaniambia. "Mimi nisingeongopa."

Akaenda darasani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kituoni kama kawaida. Tulikuwa wanaume saba, mitungi imepangwa, lori limechelewa. Kinuthia alikuwa anapima, kipimo chake kinaelea ndani ya maziwa ya Mutahi. Barabara ya kwenda shule inapita juu yetu kidogo, na wanafunzi walikuwa wameanza kupita. Chupa ya chai ilikuwa inazunguka.

"Pakiti, chai," Kinuthia akasema.

"Nilikunywa nyumbani." Maneno yalitoka yenyewe. Miaka mingi imeyalainisha.

"Huyu kila siku amekunywa nyumbani." Kinuthia alifuta kipimo kwa kitambaa. "Msichana wangu ananiambia wako amerudi shule jana. Nilikuwa nasikia ati ameolewa na choo."

Wanaume walicheka. Haikuwa kwa ubaya, ni kicheko cha saa moja asubuhi cha watu wenye baridi. Mutahi aliuliza mahari ilikuwa mbuzi wangapi. Nilitazama juu barabarani, nikamwona Ngendo anakuja, yuko peke yake, mkoba mgongoni. Sketi ya pili bado ilikuwamo, nilimwona akiikunja asubuhi. Tumbo lilikuwa limepona, lakini moyo wake ulikuwa bado haujaamini. Alikuwa bado mbali kidogo, lakini asubuhi sauti hufika.

"Ametoa kwangu," nikasema.

"Nini?"

"Tumbo. Hiyo chai yenu ina maziwa. Nikinywa hapa sitafika nyumbani na suruali safi. Kinuthia, wewe unajua. Si ulikuwa nyuma yangu siku ile ya hesabu, darasa la sita? Waambie kwa nini mnaniita Pakiti."

Kinuthia alibaki ameshika kipimo hewani, maziwa yakimdondokea kwenye kiatu. Kuna kitu kilipita usoni mwake, na nikaona kwamba hakuwa amesahau hata kidogo. "Aah, Gathogo," akasema. "Hayo ni mambo ya utoto." Tangu darasa la sita alikuwa hajaniita kwa jina langu.

Lakini Mutahi alikuwa ameshaelewa. "Ngoja," akasema. "Pakiti ni ile ya maziwa ya shule? Ulijiharibia darasani?"

"Darasani."

"Na unauza maziwa?"

"Nauza. Sinywi."

Hapo wakacheka kweli. Mutahi alishika mtungi asianguke. Mwingine alitoka akaenda kuegemea ukuta. Kilikuwa kicheko kilekile nilichokikimbia nikiwa na miaka kumi na miwili, na nisiseme uongo, kilikuwa kikubwa kama nilivyokuwa nakiogopa. Masikio yaliwaka, miguu ikataka kwenda. Nilikuwa naijua njia ya kahawa kutoka pale. Nikajishikilia kwenye kiti cha pikipiki.

Ngendo alikuwa amefika juu yetu. Alipunguza mwendo. Aliwaona wanaume wakicheka na baba yake amesimama katikati, na mwisho wa maneno alikuwa ameusikia, kwa sababu nilimwona akinitazama vile alivyonitazama kwa daktari. Sikuinua mkono. Yeye pia hakuinua. Akarekebisha mkanda wa mkoba begani, akaendelea na njia, bila kukimbia, kuelekea shule.

"Leta mtungi wako," Kinuthia akasema bila kuniangalia. "Tupime."